Nawa mikono kwanza, ndipo uogope namba

Kama umegundulika na kisukari juzi tu, sikia hili. Wiki yangu ya kwanza nilipima sukari kwa tone la damu ya kidole, mashine ikasoma 16.2 (mmol/L). Nikaishiwa nguvu. Kumbe nilikuwa nimetoka kumenya embe, sukari yake imebaki kidoleni! Nikanawa kwa sabuni, nikakausha mikono, nikatoboa tena: 8.4. Na toboa pembeni mwa kidole, katikati panauma bure.

Ugali sikuacha; Mwanza hii utakula nini na sato? Nilipunguza tu: ugali saizi ya ngumi, nusu sahani matembele au mchicha, samaki wa kuchemsha. Wanaokwambia hamia udaga (ugali wa muhogo) utapona, waache. Muhogo nao ni wanga, unapandisha vilevile. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu uanze kula, andika kwenye daftari. Utajua chakula chako mwenyewe kinakufanyaje.

Siku ya kliniki usikae na simu tu, ongea na wakongwe wa benchi. Mama mmoja muuza dagaa pale Kirumba ndiye aliyenifundisha kubeba sukari kwenye kikaratasi, niilambe siku sukari ya damu ikishuka chini ya 4. Ilishaniokoa kwenye daladala.