Kabla hujalipia gesti ya njiani

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi kwa gari na giza likakukutia Voi au Mtito Andei, usitoe pesa kabla hujaonyeshwa chumba chenyewe utakacholala, si kile cha kuringishia wageni. Fungua bomba. Ukikuta ndoo imejazwa maji pembeni, jibu umeshapata. Jifungie kwa ndani, usukume mlango kwa bega. Komeo likicheza, aga uende zako. Neti itandaze yote, matundu hujificha kwenye mikunjo. Omba chumba cha nyuma, maana malori ya bandarini hupita usiku kucha na breki zao hazina adabu. Gari lilale ndani ya geti, penye askari. Bei izungumzeni mwisho, funguo za gari zikiwa bado mkononi.