Kuku Akitweta Saa Saba Mchana: Vitamini, Chumvi na Maji kwa Wafugaji wa Tanga

Kabla hujaenda dukani kuulizia vitamini ya joto, ingia bandani saa saba mchana utie mkono kwenye chombo cha maji. Ukikuta ya uvuguvugu, paketi utakayonunua umeitupa, maana kuku hatayanywa ya kutosha. Kaskazi ikishika, Desemba mpaka Machi, wateja wangu wa mayai huanza kulalamika kwamba maganda yanapasuka mkononi, na wafugaji wenzangu wa Kange na Pongwe huanza kununua kila kilichoandikwa "stresi". Mimi nina kuku wa mayai, na wa nyama kidogo pembeni. Paketi natumia, ila nikishajua kwanza kuku amepungukiwa nini.

Kuku hatoki jasho. Akiwa mzima mwili wake una nyuzi 41 hivi, na joto likizidi njia yake kubwa ni kutweta: anaachama, anaachia mabawa, na unyevu wa kooni unakauka na kuondoka na joto. Hapo ndipo pwani inapomwonea. Hewa yetu imeshajaa unyevu, wa kooni haukauki upesi, na kuku wa Tanga kwenye nyuzi 33 anateseka kuliko mwenziwe wa Dodoma kwenye nyuzi hizo hizo. Ndiyo sababu sipendi kunyunyiza maji ndani ya banda. Unaongeza unyevu juu ya unyevu, maranda yanalowa, amonia inakuchoma macho. Tafuta upepo. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, kuta ziwe wavu kuanzia kiunoni, na bati ulipake chokaa nyeupe au ulifunike makuti.

Kutweta kwenyewe kuna gharama. Kila pumzi inatoa kaboni dayoksaidi, na ikitoka nyingi damu inaegemea upande wa alkali. Ganda la yai karibu lote ni kalisi kaboneti, yaani chokaa, na hiyo kaboneti hutengenezwa kutokana na kaboni dayoksaidi ile ile inayomtoka mdomoni. Kalisi iliyo huru kwenye damu nayo inashuka. Kwa hiyo ganda jembamba la Februari si lazima liwe upungufu wa chokaa kwenye chakula, na kumrundikia chokaa peke yake hakutamfaa sana. Potasiamu nayo inapotea kwenye mkojo. Juu ya yote, tezi zilizo karibu na figo zinamimina kotikosteroni, homoni ya taabu, ambayo inavunja nyama ya mwili ili ipatikane sukari ya haraka, na inadhoofisha kinga. Kundi lililotoka kwenye wiki ya joto kali ukilichanja dhidi ya mdondo (kideri) siku hiyo hiyo, usitarajie kinga nzuri.

Sasa paketi. Vitamini C kuku anajitengenezea mwenyewe, kwenye figo, ndiyo maana siku za baridi humsikii mtu akiihangaikia. Joto likizidi anachotengeneza hakimtoshi. Ukichanganya chakula chako mwenyewe, gramu 20 hadi 25 za unga halisi wa vitamini C kwa kilo 100 za chakula ni kiasi cha maana. Changanya kwanza na pumba kilo moja, ndipo uitawanye kwenye zilizobaki, la sivyo kuku mmoja atakula ya wenzake wote. Usichanganye chakula cha mwezi mzima. Vitamini C inaharibiwa na jua, joto na hewa, na madini ya shaba na chuma yanaiharibu upesi zaidi. Ukiitia kwenye maji, tumia ndoo ya plastiki, na mchanganyiko uishe ndani ya saa nne au tano. Maji ya bomba yenye klorini nayo yanaila vitamini hiyo. Yachote jioni, yaache wazi mpaka asubuhi.

Wengi watauliza, si bora kisima? Hapo nataka uonje. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na paketi za elektrolaiti ni chumvi pia. Ukizijumlisha, kuku anaharisha maji matupu, anakunywa zaidi, maranda yanalowa, na wewe unadhani ni ugonjwa unakimbilia antibayotiki. Maji yakikuacha na ladha ya chumvi ulimini, elektrolaiti usitie. Weka vitamini peke yake.

Maji yakiwa matamu, kitu cha bei nafuu kuliko vyote ni bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia maandazi. Si hamira, si beking pauda, na nakuomba sana isiwe magadi ya kutengenezea sabuni. Gramu moja hadi mbili kwa lita, saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, kisha maji matupu. Anayechanganya chakula anaweza kuweka robo kilo kwa kilo 100 na kupunguza chumvi ya kawaida. Jirani mmoja huwapa vifaranga wake madafu. Simkatazi, dafu lina potasiamu nyingi kweli, lakini sodiamu yake ni ndogo, na likikaa juani kidogo linachacha na vyombo vinateleza kwa utando. Glukosi nayo ina tabia hiyo hiyo.

Kalisi mpe jioni. Ganda hujengwa zaidi usiku, kwa hiyo kuanzia saa kumi namwagia maganda ya chaza au kome yaliyopondwa punje punje, ukubwa wa mchele. Yale ya unga yanapita tumboni haraka, punje zinakaa na kuyeyuka polepole wakati yai linavaa ganda. Na kwa kuwa tunaishi kwenye mji wa chokaa, nasema wazi: chokaa iliyochomwa ya kupakia ukuta si chakula, inaunguza. Dai chokaa ya mifugo.

Chakula nacho kina saa zake. Joto la usagaji huwa kali saa nne hadi sita baada ya kula. Aliyejaza tumbo saa tatu asubuhi anachemka kutoka ndani wakati wa adhuhuri. Walishe alfajiri, saa kumi na moja, uondoe vyombo saa nne, uwarudishie jua likilegea. Maji yasiondoke hata dakika moja. Siku ya kawaida kuku hunywa kama mara mbili ya uzito wa chakula alichokula, na siku ya joto anaweza kufika mara nne. Tenki jeusi liwekwe kivulini na mpira wa maji ufukiwe ardhini. Mwenye kuku wachache atumie mtungi, hakuna cha kuushinda.

Soma nyuma ya paketi kabla ya kulipa. Ukiona oksitetrasaiklini, ile OTC, hiyo ni antibayotiki iliyovalishwa jina la vitamini. Haipunguzi joto la mwili, na mayai yake huruhusiwi kuyauza mpaka siku zilizoandikwa ziishe. Seleniamu, aina ya madini, pia ichunge: kidogo inamsaidia vitamini E kazi yake, ikizidi ni sumu, kwa hiyo paketi mbili zenye seleniamu zisitumike kwa pamoja. Na hizi si za mwaka mzima. Mimi naanza siku moja kabla ya chanjo, kukata midomo au kuhamisha banda, naendelea siku mbili tatu baadaye, halafu basi. Chanjo ikipitia kwenye maji, siku hiyo klorini isiguse chombo.

Wenye ng'ombe wa maziwa, na Tanga si wachache, wasinunue vitamini C ya kuku. Vijidudu vya kwenye tumbo la kucheulia vinaimaliza kabla mnyama hajafaidika nayo. Ng'ombe hutoka jasho na kupoteza potasiamu kwa njia hiyo, na anapodondosha udenda anapoteza bikaboneti inayotuliza tindikali ya tumbo. Gramu 100 hadi 150 za bikaboneti kwa siku kwenye pumba, jiwe la chumvi, kivuli, na majani mengi yaliwe usiku.

Baada ya haya yote, pita bandani saa tatu usiku bila kuwasha taa, usimame usikilize. Joto limeshuka, kuku wa joto ameshafunga mdomo. Ukisikia wanakoroma, au bado wanaachama, au unaona kinyesi cha kijani asubuhi, hiyo si hali ya hewa tena. Acha paketi, mpigie mtaalamu wa mifugo.