Kupoza Nyumba kwa Ardhi ya Msingi Wake, Malindi

Kabla ya kujenga msingi, chimba shimo la mita moja penye kivuli, teremsha kipimajoto kilichofungwa uzi, ulifunike, kisha ukivute alfajiri ya siku ya pili na kukisoma upesi. Kadiri unavyozidi kwenda chini, ardhi hukaribia wastani wa joto la hewa wa mwaka mzima, ambao hapa Malindi ni kama nyuzi 26 au 27. Kwa hiyo sakafu iliyogusana nayo itapunguza makali ya mchana wa Machi, lakini haitaleta ubaridi wa friji.

Mchanga mkavu hupitisha joto vibaya, kwa kuwa hewa imejaa kati ya chembe zake, ilhali mchanga uliolowa hulipitisha mara kadhaa zaidi. Kizuia joto kiwekwe pembezoni mwa msingi tu, kwenye jua, na ningeongeza baraza pana au mwarobaini.

Ukitaka maji ya pampu ya joto (mashine inayotoa joto vyumbani na kulimwaga ardhini) yazunguke ndani ya msingi, tumia mabomba ya polithini, maana chumvi ya pwani hula chuma. Yafunge kwenye nondo, yajaze maji yenye shinikizo, na uiangalie geji muda wote zege linapomwagwa: mshale ukishuka ghafla, simamisha kazi, kwani zege likishakauka bomba halifikiki tena. Kumbuka pia kwamba hatuna majira ya baridi ya kuipumzisha ardhi, hivyo joto linalomwagwa humo hujilimbikiza mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo endesha pampu kwa vyumba vya kulala pekee.