SOMO: Kabla hujatuma hela ya mzigo wa mtandaoni kuja Kigoma

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne, "Hawa jamaa wa kuleta mizigo ni wa kweli?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtupia hii. Niko Mwanga, naagiza vitu Kariakoo karibu kila mwezi, na nimeshapigwa. Sisimulii ya kusikia.

1. Umri wa akaunti. Kwenye Instagram ingia sehemu ya maelezo kuhusu akaunti, uone ilifunguliwa lini na imebadili majina mara ngapi. Jana ilikuwa ya udaku, leo inauza friji? Pita.

2. Maoni yamefungwa? Pita.

3. Picha. Zitafute Google kwa picha yenyewe. Ukiona zimezagaa kila mahali, omba video fupi ya bidhaa, pembeni kuwe na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mzigo hashindwi.

4. Jina la biashara. Litafute mwenyewe mtandaoni kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Picha ya cheti si cheti. Na kuwemo BRELA hakumfanyi mtu mwaminifu, ila anayetuma cheti cha jina ambalo halimo amejieleza.

5. Lipa namba. Kabla ya kuweka namba ya siri, jina linatokea. Lisome! Watu wanabonyeza tu kama wananunua vocha.

6. Risiti ya basi. Hapa ndipo nilipopigwa.

Ilikuwa blenda. Tukakubaliana nusu kwanza, nusu nikiona risiti ya basi, nikajiona mjanja. Nikatuma 70,000. Jioni ikaja picha ya risiti: jina langu, simu yangu, muhuri, na chini namba ya "ofisi ya vifurushi". Nikaipigia. Akapokea mtu, nyuma yake honi na wapiga debe, akanisomea mpaka namba ya risiti. "Mzigo upo kaka, boksi la kahawia, unatoka alfajiri." Nikamalizia 70,000 nyingine nikiwa nimesimama dukani kwa mangi, na soda naagiza.

Kesho yake usiku niko stendi. Konda anashusha kimoja kimoja: magunia, godoro, tairi la pikipiki, mpaka buti ikabaki vumbi tupu. Karani akaitazama ile picha kwenye simu yangu, hakuhitaji hata kuishika. "Hiki kitabu cha risiti tulishaacha kukitumia. Na hii namba si yetu." Yaani nilimhakiki muuzaji kwa namba niliyopewa na muuzaji.

Kwa hiyo: nenda ofisi ya basi hapahapa Kigoma, au toa tiketi yako ya zamani, uchukue namba ya ofisi yao ya Dar. Pigia HIYO. Uliza kwa namba ya risiti, nao ndio wakutajie jina la mpokeaji. Usiwatajie wewe, mtu aliyechoka ataitikia "ndiyo, ndiyo" kwa lolote. Wakisema bado hawajauona, hela inabaki mfukoni.

ONYO: Mzigo "umeshatoka" halafu unaombwa ya bima, ya ushuru, ya kutolea stoo, kwa namba ya mtu binafsi? Hakuna mzigo. Nauli ya kifurushi mtumaji anailipa kule, au wewe ofisini huku, na unapewa risiti.

ONYO la pili: "Fanya haraka basi linaondoka." Kesho kuna basi jingine.

7. Kupokea. Fungua mbele ya karani huku unarekodi. Basi.

MASWALI

Kijana wa Gungu: Mkuu kuna ukurasa nakutumia jina inbox, niambie kama ni matapeli.
— Umefanya hatua ya 1 mpaka 5?
Kijana wa Gungu: Nimepitia juujuu, niko bize.
— Ukimaliza ubize urudi.

Mpita Njia: Yaani umetapeliwa blenda halafu unafundisha watu?
— Ulitaka ufundishwe na aliyeniuzia?

Mwalimu Kasulu: Jina la lipa namba likitofautiana na la ukurasa, ni lazima awe tapeli?
— Swali zuri, mwalimu. Hapana. Wengi wamesajili kwa majina yao wenyewe, ukurasa una jina la kuvutia wateja. Mimi namuuliza kwanza, "Nikilipa litatokea jina gani?" Kisha naingiza namba, naangalia. Akilitaja vilevile naendelea kumchunguza kwa mengine. Akianza "hiyo ya shemeji, ile yangu ina shida", naishia hapo.

Mama wa Ujiji: Kaka, mimi simu yangu ya batani. Hayo ya Instagram naonyeshwa na mwanangu.
— Dada, hatua ya 5 na 6 zinafanyika kwa batani. Na kama una ndugu Dar, mwombe aende dukani akalipie kwa mkono, umpe nauli. Hakuna uhakiki unaozidi huo. Ukitumiwa meseji ya kitapeli, ipeleke 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, haihitaji simu janja.

Fundi Katubuka: Ulirudishiwa?
— Wapi. Nilipiga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wa simu, zaidi ya saa 24 baadaye, hela ikawa imeshatolewa. Ukishtuka piga dakika hiyohiyo, ikiwa bado imo kwenye akaunti yake kuna matumaini. Halafu polisi, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako.

Muuza Mawese: Na sisi tunaotuma kwenda Dar? Mteja alinitumia "muamala umekamilika", nikapakia madumu mawili.
— Pole sana mkuu. Hiyo meseji ilitoka namba ya kawaida, siyo? Usisome meseji, angalia salio.
Muuza Mawese: Ndiyo, namba ya kawaida. Angalau nilishajifunza kufunga: nailoni mdomoni mwa dumu, ndipo kifuniko, ndipo kiroba. Bila hivyo unalipa godoro la watu.
— Hii ya nailoni naiba. Dagaa je, unafungaje wasivunjike?
Muuza Mawese: Boksi gumu, usishindilie. Gunia wanalikalia.