Namna ya Kufuatilia Asili ya Bibi Aliyeletwa Dodoma Baada ya Vita vya Kagera

Bibi yangu mzaa baba aliingia Dodoma mwaka 1980 akiwa na mume aliyevaa sare ya jeshi, sanduku moja la bati, na jibu moja alilofundishwa kumpa kila aliyemuuliza kwao ni wapi: Bukoba. Kwa zaidi ya miaka 30 majirani walimwita Mama Mhaya, nasi wajukuu tuliamini hivyo, mpaka babu alipofariki na sanduku likafunguliwa. Ndani yake kulikuwa na gomesi lililokunjwa, yaani gauni la heshima la wanawake wa Kiganda, kipande cha lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba, na barua ya Kiganda ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule mwenye sanduku la namna hiyo nyumbani kwao na mzee ambaye bado yu hai.

Nianze na kosa langu, kwa sababu lilitugharimu karibu mwaka mzima. Nilimuuliza bibi habari za barua ile siku ya arobaini ya babu, ukumbini, mbele ya mawifi zake na wajomba. Alijibu kwamba ni karatasi tu, akainuka, na tangu siku hiyo kila nilipotaja Uganda aliomba aachwe alale. Swali la "ulitoka wapi" liache mpaka mwisho. Anza na mambo madogo ambayo hayamdai mtu kukiri chochote: alibembelezwa kwa wimbo gani, mama yake alikuwa akipika nini, nani alimfundisha kusuka mkeka. Kaa naye mkiwa wawili tu, wakati mikono yake ina kazi, kwa mfano anapochambua mlenda au kupepeta uwele, kwa kuwa mzee anayefanya kazi halazimiki kukutazama usoni. Ukitaka kurekodi kwa simu, mwombe ruhusa waziwazi, nawe uzime mara moja anapokwambia uzime.

Wakati huohuo tazama yale ambayo mwili unayakumbuka hata pale ulimi unapoficha. Watu wengi huhesabu na kusali kwa lugha ya utotoni. Tulikumbuka kwamba bibi, alipohesabu mayai peke yake, alinong'ona emu, bbiri, ssatu, yaani moja, mbili, tatu kwa Kiganda. Kupiga magoti anaposalimia wakubwa hakukutusaidia, kwa sababu Wahaya nao hufanya hivyo. Kilichotusaidia zaidi ni uyoga. Kila masika, watoto walipouleta nyumbani, yeye hakuugusa wala hakula chakula cha chungu kilichoupika. Waganda, yaani watu wa kabila la Buganda, wana koo, na kila ukoo una muziro wake, yaani mnyama, mmea au kitu ambacho wanaukoo hawali. Miongoni mwao umo ukoo wa Butiko, ambao muziro wake ni uyoga, na ukoo wa Mmamba, ambao hauli kamongo. Dalili kama hii haitoshi peke yake, maana Wahaya na Wanyankole pia wana miziro, lakini inapokutana na lugha na jina huwa na nguvu kubwa.

Kuhusu jina, uwe mwangalifu. Mwanamke aliyekuja namna hii huenda alibadilishiwa jina wakati wa ubatizo, wakati wa ndoa, au ili tu asitambuliwe. Uliza jina aliloitwa na bibi yake. Majina mengi ya kike ya Kiganda yanayoanza na Na- ni mali ya ukoo, na Muganda mwenye umri akilisikia ataweza kukutajia ukoo wenyewe. Hata hivyo Nakato na Babirye ni majina ya mapacha katika koo zote: Babirye ni yule aliyetangulia kuzaliwa na Nakato ni yule aliyefuata. Bibi alipotamka kwamba aliitwa Nakato, hatukupata ukoo, lakini tulijua kwamba kuna mtu aliyezaliwa naye siku moja.

Hatua inayofuata ni kupanga nyakati. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978. Wanajeshi wetu waliingia Mutukula, mpakani, Januari 1979, Masaka na Mbarara mwezi Februari, wakapigana Lukaya mwezi Machi, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Vita viliisha mwanzoni mwa Juni, lakini jeshi letu halikuondoka lote hadi katikati ya 1981, na ndoa hizi za wanajeshi wetu na wanawake wa Uganda zilipata nafasi katika muda huo wa kukaa. Andika tarehe hizo kwenye karatasi, kisha andika pembeni mahali kikosi cha babu kilipokuwa. Wenzake waliostaafu watakusaidia kuliko nyaraka yoyote, na njia nzuri ni kuwatembelea majumbani karibu na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wakati mazungumzo ya vita yanapokuja yenyewe. Wasalimie, waulize kwanza habari za marafiki zao waliozikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo mkoani Kagera, na usianze na wanawake. Uliza pia safari ya kurudi: babu alimchukua bibi kwa meli kutoka Bukoba hadi Mwanza, kisha kwa garimoshi kupitia Tabora, na jambo hilo dogo lilieleza kwa nini jibu la "Bukoba" lilikuwa jepesi kulishika, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa kwanza palipomfanya Mtanzania.

Barua itafutie mtu wa kuisoma ambaye si wa mtaani kwenu. Sisi tulimpata Muganda aliyekuwa akisoma chuo hapa Dodoma, akatusomea mlango ukiwa umefungwa, bibi akiwa amekubali na akiwa amekaa hapohapo. Iliandikwa na mama yake mwaka 1982. Ilisema kwamba mtoto ana afya, ameanza shule, na huuliza mama yake atarudi lini. Bibi alikuwa ameacha binti wa miaka mitatu, na babu alimchukua bibi kwa ahadi ya kumfuata mtoto baadaye. Baba yangu, akiwa na miaka karibu 40, alijua siku hiyo kwamba ana dada.

Jiandae kwa jambo la namna hii kabla hujafungua chochote. Siri katika nyumba hizi mara nyingi ni mtu, na mtu huyo huenda bado anaishi: mtoto aliyeachwa, mume wa kwanza, au mke mwingine aliyekuwa akimsubiri mwanajeshi huku Ugogo. Kwa hiyo muulize mzee maswali mawili bila kumsukuma, nani aambiwe na nani asiambiwe, kisha uyaheshimu majibu yake hata yakikuumiza. Usimhukumu kwa kutorudi. Kuanzia Februari 1981 Uganda ilikuwa katika vita vingine vilivyodumu hadi Januari 1986, vijiji vya Luweero vikatawanyika, na barua hazikuwa na njia ya uhakika. Masaka na Rakai nako kulikumbwa mapema na UKIMWI, na katika nyumba nyingi kizazi cha katikati kiliondoka, wajukuu wakabaki na bibi zao. Mweleze mzee hayo polepole kabla ya safari ili asitegemee kuwakuta wote.

Safari yenyewe si ngumu. Unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Njia hupita Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, Bukoba na Kyaka hadi Mutukula, na kutoka hapo mpaka Masaka ni chini ya kilomita 100. Ukifika, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, ambaye ni kama mwenyekiti wetu wa mtaa, kisha kwa wazee wa ukoo. Waganda hujitambulisha kwa kutaja baba, babu na ukoo, kwa hiyo jifunze kuyasema ya bibi yako kwa mpangilio. Usipeleke tangazo redioni. Aliyeachwa huenda aliambiwa kwamba mama yake alikufa, na haifai alisikie jambo hilo akiwa sokoni.

Masuala ya karatasi yaje baada ya watu. Kuolewa na Mtanzania hakumpi mwanamke uraia moja kwa moja, ni lazima auombe. Na pale ambapo hakuna cheti cha ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inatoa dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi wakitambulika kama mke na mume, yaani huchukuliwa kuwa wameoana. Kabla mzee hajaandika maelezo popote, mpeleke kwa msaidizi wa kisheria, hasa kama kuna mirathi inayosubiri.

Shangazi tulimpata. Kabla ya kuwaunganisha, tulimweleza kila mmoja peke yake kwamba mwenzake yuko hai na anaonekanaje, tukabadilishana picha zenye majina na mwaka nyuma, na tukawaacha siku tatu walie bila haraka. Siku ya simu, chaji betri ijae, weka salio la kutosha kupiga nje ya nchi, mwekee bibi kiti mahali penye mtandao, mwonyeshe kitufe cha kukata endapo atalemewa, kisha toka nje na uwatoe watoto.