Ndugu Akifariki Jersey, Mirathi Yake Usiipeleke London

Jersey, kisiwa kilicho karibu na pwani ya Ufaransa, si Uingereza. Wanatumia pauni, Mfalme wao ni yule yule, lakini kisiwa kina bunge lake, mahakama zake, na sheria zenye asili ya mila za Normandia. Narudia, maana hapa ndipo tulipoumia: si Uingereza.

Kaka yangu alikuwa mpishi wa hoteli St Helier, mji mkuu wa Jersey, na akiba yake ilikuwa benki ya huko huko. Alipofariki, nyumbani tulianzia barua ya chifu tukaishia Mahakama Kuu, hati ya usimamizi ikatoka. Wakili mmoja wa London akatuhakikishia kwamba hati ikithibitishwa kwao, benki italipa. Akachukua ada yake. Jibu la benki lilikuwa mistari miwili: leteni hati iliyotolewa Jersey.

Muhuri wa London peke yake haufungui akaunti ya Jersey. Wa Nairobi au Dar es Salaam vilevile. Hati ya nyumbani ni kiambatisho tu. Maombi yanakwenda ofisi ya mirathi ya mahakama ya Jersey, na asiyeweza kusafiri kwenda kula kiapo humwachia mtu wa huko hati ya uwakala. Wakili awe wa Jersey. Wa Jersey! Cheti cha kifo na nakala zenye muhuri mnajua kuziandaa.

Wazee wetu, nawaheshimu, lakini msigawane pesa ambayo haijatoka, wala msichangie ada ya kila anayejiita wakili wa Ulaya.

Wenyeji wenyewe nimewapenda. Wakazi wa kila parokia (huko ni eneo la utawala, kama kata kwetu) huchagua polisi wa kujitolea miongoni mwao, na makosa madogo mengi huishia kwenye ukumbi wa parokia bila hakimu, kama baraza la wazee kwetu. Natamani tungelinda mabaraza yetu hivyo. Kwenye karatasi, hata hivyo, hawana huruma.

Na wewe uliyehamia huko moja kwa moja, andika wosia ukijua sheria yao. Ukiacha mke na watoto, mjane ana haki ya vyombo vya nyumbani na theluthi ya mali inayohamishika, watoto theluthi. Wewe unaamua theluthi iliyobaki. Muislamu aliyemwandikia mkewe thumuni, yaani moja ya nane, azungumze naye mapema, kwani mjane anaweza kudai theluthi yake mahakamani.

Mahakama pia hutoza ushuru wa stempu kulingana na thamani ya mali, kwa hiyo pateni salio la benki kwa maandishi kabla ya kula kiapo.