Jinsi ya kupeleka notisi ya maandamano kituoni bila kurudishwa kama mimi

Mwezi uliopita mtaa wetu uliandamana kando ya barabara kuu kudai daraja la wapita njia. Kutembea kulichukua saa mbili. Karatasi zilikula wiki tano, na nyingi kati ya hizo zilipotea kwa sababu ya kichwa cha barua. Niliandika: "Ombi la kibali cha maandamano."

Usithubutu. Kenya hatuombi kibali cha kuandamana. Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki hiyo, mradi tuwe na amani na tusibebe silaha. Leseni za zamani ziliondolewa kwenye Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, mwaka 1997. Kilichobaki ni notisi: unamjulisha OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, basi. Lakini ukipeleka ombi, wewe mwenyewe umeshakubali kwamba kuna wa kukujibu. Afande alisoma kichwa cha barua, akaiweka juu ya rundo, akaniambia, "Sawa, mzee, ngoja jibu." Nikangoja kama mjinga mpaka tarehe ikapita, na bango la shilingi 3,500 lilikuwa limeshachapwa.

Barua ya pili niliipa kichwa "Notisi". Nikaipeleka siku 17 kabla, nikijiona mwerevu. Ikarudi. Sheria inataka zisipungue siku 3 wala zisizidi 14. Mimi sasa ningelenga siku ya kumi, asubuhi, katikati ya wiki. Ijumaa mchana mkubwa huwa "ametoka kidogo".

Ndani weka majina kamili ya mwandalizi na mahali anapopatikana (sanduku la posta halitoshi), tarehe, na saa, ambazo lazima ziwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kisha njia mtakayopita, na hapo ndipo penye kazi. Tuliandika "kutoka stejini hadi kwa chifu". Afande akauliza: mnavukia wapi? Matatu zitapita wapi? Ambulensi je? Tukakaa kwenye benchi la nje, tukachora ramani kwenye karatasi ya daftari: steji, kituo cha petroli, mzunguko, kona ya soko. Chini yake tukaandika kwamba tutashika barabara ya pembeni, upande wa kushoto, na njia kuu hatutaiziba. Ramani ile ilimlainisha kuliko vifungu vyote nilivyomtajia. Njia yenu ikiingia eneo la kituo kingine, pelekeni nakala huko pia, msije mkakabidhiwa kwa wageni katikati ya safari.

Nenda na nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe. Usiondoke bila muhuri hata wakikuambia anayeshika muhuri yuko chai. Mimi nilimngoja dakika arobaini, akarudi na mandazi.

Wakikataa, sababu wanayoruhusiwa ni kwamba kuna notisi nyingine iliyotangulia kwa mahali, siku na saa hizo hizo, na lazima wakuambie kwa maandishi. Rejista ya notisi iko wazi kwa mwananchi saa za kazi. Nilipoomba kuiona, nilitazamwa kama niliyeomba ufunguo wa ghala la bunduki, lakini ilitolewa.

Siku yenyewe, mwandalizi awepo mwanzo hadi mwisho na asaidie polisi kutunza amani. Hilo ni sharti. Muhuri nao si ngao: polisi bado wanaweza kusimamisha msafara wakiona hatari ya wazi ya kuvunjika kwa amani. Julai 2024 walitangaza marufuku ya maandamano katikati ya Nairobi, Mahakama Kuu ikaisimamisha. Tarehe 7 Julai 2025 wakafunga barabara za kuingia jijini wao wenyewe. Kwa hiyo gawa nakala zenye muhuri kwa watu watatu au wanne, wa mbele na wa nyuma, na namba ya wakili iwe kwenye karatasi, simu huzima.

Bango tulilitumia lile lile. Juu ya tarehe ya zamani tulibandika kipande cha manila, kikawa kinabanduka kila lori likipita.